Magego ya Igiraneza

Kingi, tarehe 14 Februari 2022

Kwako mdogo wangu Valens,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyekuumba bila kunishauri. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, na hilo unalijua tangu zamani. Viazi vya mlimani vimetoka vizuri, maharagwe yameozeshwa na mvua. Jumapili iliyopita mbuzi wa jirani yetu Rukundo aliingia kanisani wakati wa mahubiri akakaa mpaka baraka ya mwisho, jambo ambalo wewe hujawahi kulifanya.

Binti yako Igiraneza anakusalimu. Ametimiza miaka sita, yuko darasa la kwanza, na mdomo wake umeanza kufanana na wangu kwa maneno. Ila ndani ya mdomo huo mambo ni mabaya. Magego mawili ya chini, moja kila upande, yametoboka. Mahindi ya kuchoma hataki tena. Viazi anavitafuna kwa meno ya mbele kama sungura, na juzi mwalimu alimrudisha nyumbani kwa sababu alikuwa analia juu ya daftari.

Kuna mtawa mmoja, Sista Adelaïde, muuguzi wa meno, anayezunguka vijijini na sanduku lake. Alipita shuleni akawachungulia watoto wote vinywa. Kwa Igiraneza alisema hatang'oa, hatachimba, bali atafunika. Ana vikofia vya chuma kisichoshika kutu, kama kile cha masufuria mazuri, vimetengenezwa tayari kwa ukubwa mbalimbali kama viatu sokoni. Anachagua kinachoingia, anakitia gundi ya meno, anakisukuma juu ya gego, basi. Wadudu waliomo ndani wanakosa chakula, wanakufa njaa. Mwisho wa Machi atakuwa kwenye kituo cha afya Masisi kwa majuma matatu, kisha anakwenda mbali na hatarudi mwaka huu kwa kazi hiyo.

Aliniuliza mtoto anakula nini. Nikamwambia viazi, maharagwe, sombe na maziwa. Akaandika.

Sasa shida ni karatasi. Inataka sahihi ya mzazi, na mimi ni shangazi tu. Mama yake, marehemu Hélène, hawezi kusaini kutoka aliko, kwa hiyo umebaki wewe. Nimeitia humu ndani. Saini, irudishe kwa Fiston, motari huyuhuyu aliyekuletea barua kwa pikipiki yake. Au njoo nayo mwenyewe, itakuwa vizuri zaidi.

Na jambo jingine. Fiston anasema huko kwako Bisie kuna mtandao siku hizi, na amekuona na simu mkononi. Mara ya mwisho kusikia sauti yako ilikuwa Noeli ya mwaka juzi. Simu hiyo unaitumia kuua mende?

Dada yako,
Byukusenge


Bisie, tarehe 20 Machi 2022

Dada yangu mukubwa Byukusenge,

Shikamoo, dada, na pole ya goti. Mimi ni mzima. Bado ninapika bugali kwa Mama Céline, anayelisha wachimbaji na wafanyakazi wa mlimani. Njia ilikatika kwa mvua, ndiyo maana nimechelewa. Baba mkwe wangu, mzee Nestor, baba yake Hélène, anawasalimu sana kutoka Buleusa. Bado anatega mitego msituni na bado anapanda miti kutafuta asali, kwa umri ule. Amemtumia mjukuu wake kidumu kingine cha asali, ndicho alichobeba Fiston.

Kuhusu simu, mtandao unakuja na kwenda. Zaidi unakwenda.

Kuhusu magego, dada, nimefikiri sana nikichochea sufuria. Hayo si meno ya utoto? Si yataanguka yenyewe? Nani anayeezeka mabati mapya kwenye nyumba anayojua itabomolewa? Sisi tulitoboka meno, yakaanguka, yakaota mengine, na hakuna aliyetuvisha kofia. Mwambie Sista atunze chuma chake kwa watu wazima wenye shida za kweli.

Lakini niambie, ni chuma gani? Hapa tunaishi juu ya mlima wa kasiteriti, mawe ya bati, kila mtu ni profesa wa madini. Nilipowaeleza wateja wakabishana mpaka bugali ikapoa. Mmoja anasema ni fedha, mwingine anaapa kwamba ni bati letu la hapa Bisie, lilikwenda Ulaya likarudi limevaa suti. Nimekutumia kipande cha sumaku. Kiweke karibu na hicho chuma uone kama kitashika, kisha unijulishe.

Kazi ni nyingi, dada. Busu kwa Igiraneza. Asali ni ya kijiko kimoja kila jioni, asisahau kwamba upande wa mama yake nako kuna watu.

Mdogo wako,
Valens


Kingi, tarehe 9 Aprili 2022

Valens,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitabaki.

Nilikutumia karatasi, umenirudishia sumaku. Nilikuuliza unakuja lini, umeniambia habari za mabati. Haya, tuongee mabati. Nyumba hiyo unayosema itabomolewa, mtoto ataishi ndani yake miaka mitano. Nilimuuliza Sista: gego kama lile huanguka mtoto akifika miaka kumi au kumi na mmoja, na mpaka siku hiyo linalilindia nafasi jino kubwa linalosubiri chini. Ukiling'oa mapema majirani wanasogea, na jino kubwa likija linakuta shamba limeshachukuliwa. Wewe mtu wa Masisi ndiye wa kufundishwa maana ya kuacha shamba tupu?

Kwa hiyo nimesaini mimi. Nimeandika Valens, kwa herufi nzuri kuliko zako, na nikapiga mstari chini. Kama ni dhambi, padre ameshaisikia, akacheka.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana hukuwepo. Jumatatu Sista aliingiza vipira vidogo kati ya meno, vikae siku tatu vitengeneze nafasi ya kofia kupita. Jumanne kimoja kikamezwa pamoja na maharagwe. Nilipopeleka habari kituoni, Sista akasema kitatoka chenyewe, hakuna haja ya kukitafuta. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshakitafuta. Alhamisi tukarudi. Mtoto alikaa kwenye kiti, mimi nimemshika miguu. Hakukuwa na sindano wala ile mashine ya kutoboa meno inayolia. Sista alijaribisha kofia tatu, ya nne ikakubali. Akaijaza gundi, akaisukuma kwa kidole na kusema:

"Luma! Luma kwa nguvu, sawa vile uko unaluma muhindi!"

Igiraneza ni mtoto mtiifu. Aliluma. Kidole cha Sista kilikuwa bado ndani. Nimewahi kusikia watawa wakiimba, wakisali na hata wakigombana, lakini sauti ile ilikuwa mpya kwangu. Kofia ya pili ilikwenda bila neno, Sista aliweka pamba badala ya kidole.

Siku ile alilalamika: "Shangazi, iko inanibana. Mudomo haifungike muzuri." Sista alishatuonya kwamba meno yatakutana vibaya majuma machache, kisha yatazoea. Leo asubuhi kala muhindi mzima, Valens. Mzima, pande zote mbili, na akauliza kama upo mwingine. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku, maana sikutaka anione ninalia kwa ajili ya muhindi.

Sumaku yako niliijaribu. Kwenye kofia haikushika. Imeshika hereni zangu, zile ulizoniletea ukasema ni dhahabu ya Walikale.

Salamu zimebaki kidogo, zipokee.

Byukusenge


Bisie, tarehe 30 Mei 2022

Dada mukubwa,

Shikamoo, na unisamehe. Kuhusu hereni, hata mimi nilidanganywa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, sehemu ya muhindi mara nyingi zaidi. Wateja nao nimewasomea. Mmoja aliposikia kidole cha Sista alimwaga supu. Sasa hapa wananiita Baba Kofia. Zinang'aa? Akicheka zinaonekana? Muombe Fiston ampige picha kwa simu yake akicheka, mdomo wazi kabisa, aniletee.

Ulimtuma Fiston aniombe na mimi picha yangu. Kamera ya simu yangu ni mbovu. Ya Fiston nayo ilinitoa vibaya, nikamwambia aifute. Kuja siwezi sasa, mpishi mwenzangu ameumwa na njia ya Nyabiondo haieleweki. Labda baadaye.

Mimi ni mzima. Siku hizi ninapenda uji, na bugali ninailowanisha kwenye mchuzi, tumbo linapumzika.

Nimetuma asali.

Valens


Kingi, tarehe 20 Juni 2022

Mdogo wangu Valens,

Nakusalimu vizuri leo, maana nina jambo zito na sitaki uanze kusoma ukiwa umekunja uso. Sote tu wazima. Ng'ombe wa mzee Nzabandora amezaa ndama mwenye kichwa cheupe, watu wanakwenda kumtazama. Kabla ya hapo walikuwa wanakwenda kumtazama binti yako. Alipanga wenzake mstari nyuma ya shule, kila mmoja anatoa karanga moja, anafunguliwa kinywa mpaka ahesabu tano. Mwalimu alipofunga biashara ile, mtoto alikuwa ameshashiba.

Picha ndiyo hiyo kwa Fiston. Zinang'aa, kama unavyoona.

Juma lililopita Sista, ambaye safari yake ilichelewa, alipita kuaga, akakagua. Kofia zimekaa sawa. Kisha akainama, akanusa kinywa cha mtoto, akaniangalia. "Mama Byukusenge, hii ni asali." Nikamwambia labda ni maua. Valens, nilimwambia mtawa kwamba mtoto ananuka maua. Hakubishana nami. Alikaa tu kwenye kigoda akasubiri, na mimi anayenisubiri kimya ananishinda.

Nitakuambia nilichomwambia. Ulipomleta huyu mtoto alikuwa na miaka minne na mama yake alikuwa na miezi miwili kaburini. Kila akilala alikuwa anauliza: "Baba atakuya lini?" Nikimwambia kesho, kesho yake anauliza tena. Analia mpaka anatapika. Basi nikachovya kitambaa safi kwenye asali ya Nestor, nikamtia mdomoni anyonye. Akanyamaza. Nikashukuru Mungu, na kesho yake nikafanya hivyo tena. Baadaye ikawa kijiko, wewe mwenyewe uliandika kijiko, lakini kwangu vilikuwa vitatu, na baada yake hapigi mswaki, analala na utamu mdomoni mpaka asubuhi. Miaka miwili. Meno yale sikuyaachia wadudu tu, niliwapikia. Ninaona aibu, na hii ndiyo mara ya kwanza ninakuandikia neno hilo.

Kwa hiyo asali imekwisha hapa. Kidumu chako kipya nimekipeleka kwa mama Rukundo, ana kikohozi. Jioni mtoto anapiga mswaki mbele yangu, analala na kinywa kitupu, na sasa swali limerudi. Juzi ameongeza jingine: "Baba hapendake kuona kofia zangu?"

Sina tena kitu cha kumtia mdomoni. Mjibu mwenyewe.

Na usinipe habari za njia. Fiston anapita njia hiyohiyo kila mwezi akiwa na magunia. Nilimbana, akaniambia kitu kimoja tu: "Papa Valens anabadilikaka. Akisema, anafunikaka kinywa na mukono." Kuna nini nyuma ya huo mkono? Umeoa? Unakunywa? Niambie lolote, nimeshakuambia la kwangu.

Dada yako anayekupenda, hata kama haandiki hivyo kila mara,
Byukusenge


Bisie, tarehe 25 Septemba 2022

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Umesubiri miezi mitatu, na njia haikuwa na kosa. Niliandika barua hii mara nne, tatu nikawashia moto wa Mama Céline.

Sijaoa. Kunywa ninakunywa kama zamani. Sina meno, dada. Ya mbele, ya juu, manne.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka jana, nilipokwenda Buleusa kwa matanga ya mzee mmoja wa huko. Jino moja la mbele liliniuma, nikavimba mdomo. Mzee Nestor akaniona. Akasema, "Mukwe wangu hatalala na maumivu kwangu." Akatoa koleo, ileile anayokatia nyaya za mitego, akaiosha kwa pombe ya kasiksi, iliyobaki akanywa. Unajua mambo ya ukwe. Mbele ya baba mkwe hata mfupa siguguni, nitakataaje mkono wake? Nikafumba macho, nikafungua kinywa. Akavuta. Nikafungua macho nikaona mkononi mwake jino zima, jeupe, zuri. Alikuwa ameng'oa la jirani.

Ningesemaje? "Baba mkwe, umekosea"? Nyumba imejaa wazee, wote wananiangalia. Nikasema, "Asante, Papa, minasikia muzuri." Machozi yalikuwa yananitoka, akaona, akasema bado kuna mzizi wa ubaya, fungua tena. Akang'oa la upande wa pili. Nikashukuru tena. Wazee wakapiga makofi, wakasema huyu ni mukwe mwenye heshima. Kila nikishukuru anapata moyo. La ugonjwa lilikuwa la nne.

Cheka, dada. Najua umeshaanza.

Lakini sikiliza na haya. Nilipopona niliazima simu ya mtu, nikapiga Kingi. Ulipokea wewe. Nikasema jina lako, likatoka na upepo mwingi na mate. Ukasema, "Wewe mulevi, piga simu kwa bibi yako," ukakata. Nikaenda nyuma ya jikoni, nikajaribu kutamka Igiraneza. Lilipiga mluzi. Nikajaribu mpaka kuku wakakimbia. Nikawaza: huyu mtoto amempoteza mama, ananikumbuka mimi kwa uso na sauti, na vyote viwili vimebaki kwenye mtego huko Buleusa. Atanikimbia. Basi nikawa natuma asali tu. Wewe ulikuwa unaitia mdomoni kwake ili asiulize, na mimi nilikuwa naituma ili nisijibu. Usijitwike aibu peke yako, tugawane, dada, mimi nachukua kubwa.

Picha yake nimeibandika juu ya jiko. Mtoto anacheka namna ile, mpaka chuma kinaonekana, wala hajifichi. Ninaitazama kila ninapopika na ninaona haya.

Sijui nifanye nini. Usimwambie.

Valens


Kingi, tarehe 6 Novemba 2022

Valens, wewe mukwe mwenye heshima,

Salamu kutoka kwa watu wote wa nyumba hii, ambao ni wawili, na wote wanajua. Nilicheka hadi goti likapona kwa siku mbili. Kisha nilikumbuka ile simu, nikakaa chini. Nisamehe. Sauti niliyoifukuza ilikuwa ya mtoto niliyembeba mgongoni.

Uliandika nisimwambie. Na mimi nilisaini karatasi bila ruhusa yako, kwa hiyo umeshanijua. Nimemsomea barua yako yote. Kwenye jino la kwanza aliziba macho. Kwenye la tatu alikuwa chini, anagaagaa kwa kicheko, na chuma kinang'aa pande zote mbili. Kisha akaketi akauliza, "Na mbele, baba iko na shimo sawa yangu?"

Maana hukujua, sikukuandikia. Mwezi uliopita yeye naye ameng'oka meno ya mbele, mawili ya juu, yenyewe, kwa wakati wake. Kofia ziko salama nyuma, lakini mbele mlango uko wazi. Ukimuuliza jina lake linatoka na upepo mwingi na mate. Ananyunyizia meza nzima. Nilimwambia baba yake naye anatamka hivyohivyo. Tangu siku ile anafanya kusudi.

Jino la kwanza alilitupa juu ya paa kama sisi tulivyotupa, akamuita nyamanza, yule ndege, alichukue amletee jipya. Limeshaanza kuchungulia. La pili amekataa kulitupa. Nilimwambia litapotea, panya watalibeba. Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto.

"Hii iko ya baba," akasema. "Yeye atatupa mwenyewe. Nyamanza akiletaka, anamuletea yeye."

Nilimweleza kwamba kwa watu wakubwa yule ndege hana kazi. Akasema nilishamwambia pia kwamba baba anakuja kesho.

Jino liko ndani ya kiberiti, kiberiti kiko juu ya mlango, na kila jioni baada ya mswaki ananiambia nikishushe ahakikishe. Hatauliza tena unakuja lini, Valens. Ameniambia nikuandikie tu kwamba paa ni la mabati, na wewe ni mrefu.

Byukusenge